Umemaliza dozi ya antibayotiki ila tumbo halijatulia: kapsuli, mtindi, togwa au mbaazi?

Swali ninaloulizwa sana dukani siku hizi sio la dawa yenyewe, ni la baada ya dawa. Mtu kamaliza sipro yake, au amoksilini, au metro (metronidazo), ugonjwa umeondoka ila tumbo limebaki linanguruma, choo laini, gesi kila saa, hamu ya kula hakuna, basi anakuja anasema nipe kitu cha kurudisha tumbo. Natoa dawa hapa Mtwara mjini na nimeona watu wakiondoka na kapsuli za bei ambayo ingenunua mboga za nyumba nzima kwa siku kadhaa, wakati pale sokoni kuna vitu vinavyowafaa zaidi. Na nimeona kinyume chake pia, mtu anang'ang'ana na mtindi nyumbani wakati alitakiwa awe ameshafika hospitali. Kwahiyo naviweka hapa kimoja pembeni ya kingine, kila mtu aangalie hali yake ndio achague.

Msimamo wangu nausema mapema. Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa mwingine, dozi ikishaisha, hela ipeleke sokoni usiilete kwangu. Kapsuli zina wakati wake na wakati huo mara nyingi ni ndani ya dozi, sio baada ya dozi.

Tuelewane kwanza nini kimetokea humo ndani. Utumbo mpana umejaa bakteria, matrilioni, na wengi wao hawana ubaya wowote, ndio wanaochachusha zile nyuzinyuzi za chakula ambazo sisi wenyewe hatuwezi kuzisaga, na wakichachusha wanatoa asidi, mojawapo inaitwa butireti ambayo ndio chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Wanabana pia nafasi, bakteria wabaya wakija wanakosa pa kukaa. Sasa antibayotiki haijui huyu mwema huyu mbaya, inapita na wote walio kwenye uwezo wake. Ndio maana mtu anatibiwa kifua au UTI halafu anaanza kuharisha, na wengine, hasa kina mama, wanapata fangasi kipindi hichohicho maana wale waliokuwa wanawazuia fangasi wamepungua.

Kuna watafiti wa Denmark walitoa matokeo mwaka 2018, walichukua wanaume 12 wazima wa afya wakawapa antibayotiki kali 3 kwa mkupuo kwa siku 4, kisha wakawafuatilia. Ndani ya mwezi mmoja na nusu hivi matumbo yalikuwa yamerudi karibu na yalivyokuwa, ila hata baada ya siku 180 kulikuwa na aina 9 za bakteria ambazo mwanzoni kila mmoja wao alikuwa nazo na sasa kwa wengi hazionekani. Mimi hapo napata mambo mawili. Mwili unajirudi wenyewe, kwahiyo usipaniki siku ya tatu baada ya dozi. Ila haurudi wote kila mara, kwahiyo unachokula hizo wiki za mwanzo kina maana.

KAPSULI ZA PROBAYOTIKI

Hizi ndio watu wanaziulizia kwa sababu zimekaa kama dawa, ziko kwenye boksi, zina maandishi ya kitaalamu. Tunazo za aina kama tatu. Za bakteria wa kundi la laktobasili, hao ni ndugu wa wale wa kwenye mtindi. Za hamira inayoitwa Saccharomyces boulardii, hii ni jamii ya fangasi sio bakteria, na faida yake kubwa ni kwamba antibayotiki haiiui kwahiyo unaweza kuimeza hata ukiwa katikati ya dozi, ila kama unatumia dawa ya fangasi kama flukonazo hapo unajimaliza mwenyewe maana ile itaiua. Na kuna zile chupa ndogo za kunywa zenye mbegu za Bacillus clausii, wamama wengi wanazijua kwa watoto.

Je zinafanya kazi? Inategemea unataka zifanye nini, na hapa ndipo watu wanapochanganya.

Kuzuia kuharisha wakati dozi inaendelea, ndio, ushahidi upo na kwa watoto ni mzuri. Mwaka 2019 Cochrane, hawa kazi yao ni kukusanya tafiti na kuzipima kwa pamoja, waliangalia tafiti 33 zenye watoto zaidi ya 6,000. Watoto waliopewa probayotiki pamoja na antibayotiki walioharisha walikuwa asilimia 8, wale ambao hawakupewa asilimia 19. Hiyo sio tofauti ndogo, hasa kwa mama ambaye mtoto wake akiharisha siku mbili tu macho yanaingia ndani.

Kurudisha bakteria wako baada ya dozi, hapo stori ni nyingine kabisa. Mwaka huohuo wa 2018 watafiti wa taasisi ya Weizmann kule Israel waliwapa watu 21 sipro na metro kwa siku 7, dawa hizihizi tunazotoa hapa kila siku, kisha wakawagawa makundi matatu. Kundi moja likapewa probayotiki zenye aina 11 za bakteria, kundi lingine likaachwa hivihivi, la tatu likarudishiwa bakteria wao wenyewe kutoka kwenye kinyesi walichotunza kabla ya dawa. Hawa wa tatu walirudi ndani ya siku chache. Walioachwa bila kitu wengi walikuwa karibu na hali yao ndani ya wiki tatu. Waliomeza probayotiki ndio waliochelewa kuliko wote, mpaka miezi mitano bado bakteria wao wa asili hawajakaa sawa. Yaani wale wa kwenye kapsuli waliingia, wakajikalisha kama mgeni aliyekuta nyumba wazi, wenyeji wakirudi hawana pa kuweka mguu. Ni utafiti wa watu wachache na probayotiki ya aina moja, siwezi kusema kila kapsuli duniani iko hivyo, ila ulinitosha kuacha kumuuzia mtu kapsuli eti kwa sababu tu amemaliza dozi.

Halafu kuna joto. Mtwara unaijua mwenyewe, mwezi wa kumi na moja hata chumba chenye feni kinafukuta. Kapsuli nyingi za laktobasili zinataka ubaridi, ukisoma boksi limeandikwa itunzwe chini ya nyuzi kadhaa, sasa jiulize hilo boksi lilisafirije kutoka Dar na dukani lilikaa wapi. Bakteria wakishakufa unameza unga tu. Za Bacillus clausii hapo ziko vizuri maana zile ni mbegu zina ganda gumu, zinavumilia joto, na Saccharomyces iliyokaushwa nayo inavumilia kiasi. Kwahiyo kama lazima ununue na unakaa Tandahimba au Liwale ambako mpaka ifike nyumbani imepanda bodaboda na jua la mchana, chagua kati ya hizo mbili.

Na kuna watu wa kutopewa kabisa bila daktari kusema. Anayetibiwa saratani, mwenye VVU ambaye CD4 zimeshuka sana, mgonjwa wa wodini mwenye mrija kwenye mshipa mkubwa, na mtoto njiti. Kwa watu hao, bakteria au hamira ya kapsuli inaweza kuingia kwenye damu. Mwaka 2023 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa onyo rasmi juu ya kuwapa watoto njiti probayotiki baada ya kifo cha mtoto, kwahiyo hili sio la kuchukulia kawaida. Kama uko CTC, yaani kliniki ya VVU, na unameza septrini kila siku, uliza palepale kliniki kabla hujaja dukani.

MTINDI NA TOGWA

Hivi viwili naviweka pamoja maana vyote ni vya kuchachuka, ila kwa huku kwetu havilingani hata kidogo.

Mtindi una sifa zake. Protini ipo, kalsiamu ipo, bakteria hai wapo kama umetengenezwa vizuri, na mtu ambaye tumbo linasumbuliwa na maziwa freshi mara nyingi mtindi anaumudu. Shida ni kuupata. Kusini sio nchi ya ng'ombe wengi kama Mwanza au Arusha. Lindi afadhali kidogo maana wafugaji walihamia maeneo ya Kilwa na Nachingwea tangu mwaka 2006 hivi, unaweza kukutana na maziwa kule, ila Mtwara mjini mara nyingi unachokuta ni cha pakti kutoka mbali. Na cha pakti lazima usome. Kama kimepashwa moto baada ya kuchachuka ili kikae muda mrefu bila friji basi bakteria wamekufa, ni chakula kizuri ila sio unachokitafuta. Na vile vya rangirangi vyenye ladha ya stroberi, sukari ni nyingi, tumbo lenye gesi unaliongezea kazi.

Cha kienyeji nacho nina neno nalo. Maziwa yasiyochemshwa yanaweza kukupa brusela, yaani homa ya kurudiarudia na viungo kuuma kwa miezi, na kifua kikuu cha ng'ombe. Uchachu hauui hivyo vyote. Muulize anayekuuzia, mama haya maziwa yalichemka kabla hayajagandishwa? Akisita, acha. Unatoka kwenye antibayotiki halafu unajitafutia ugonjwa wa kukurudisha kwenye antibayotiki za wiki sita.

Na hili naomba ulishike. Kama bado uko kwenye dozi ya sipro au doksi au tetrasaiklini, usimeze na maziwa wala mtindi. Kalsiamu inaishika dawa tumboni, dawa haiingii mwilini ya kutosha, unabaki na ugonjwa unasema dawa feki. Sipro meza masaa mawili kabla ya mtindi au masaa sita baada yake, doksi achanisha angalau masaa mawili. Amoksilini haina shida hiyo.

Sasa togwa. Mimi togwa naipenda na sifichi. Haitaki friji siku ya kwanza, haitaki ng'ombe, haitaki kusafirishwa, na kila bibi wa huku anaijua. Unapika uji wa mahindi au mtama uive kabisa, mzito wa wastani, unaupua na kuuacha mpaka ukitia kidole unavumilia bila kutoa. Hapo ndipo unatia kimea, ule unga wa ulezi ulioota ukakaushwa, vijiko kadhaa kwa sufuria, unakoroga, na utaona kabisa uji unaanza kulegea mkononi, ule uzito unakatika mwiko unakuwa mwepesi, kwa sababu kimea kinavunja wanga. Ukiwa na togwa ya jana tia kikombe kimoja iwe mbegu. Funika na kitambaa safi. Kwa joto la huku kesho yake asubuhi ina uchachu mzuri, vipovu vidogo juu, harufu tamu yenye ukali kidogo. Hiyo ndio ya kunywa. Bakteria waliofanya hiyo kazi ni wa kundi lilelile la laktobasili, na ule uchachu ndio unawafanya vijidudu vingi vya kuharisha wasizae humo. Kuna utafiti ulifanyika hapahapa Tanzania ukatoka mwaka 1999, watoto wa chini ya miaka mitano walipewa uji wa kuchachuka mara moja kwa siku kwa siku 13, na wale vijidudu wabaya kwenye choo chao walipungua.

Ila togwa ina mipaka. Ikikaa siku ya pili ya tatu inaanza kugeuka pombe, na kama uko kwenye metro au umemaliza juzi hiyo usiguse, metro na pombe unaweza kutapika, kichwa kuuma, moyo kwenda mbio, subiri siku 2 mpaka 3 baada ya kidonge cha mwisho. Msimu wa mabibo naongea sana hili, mtu yuko kwenye metro jioni anaenda kwenye uraka anasema ni juisi tu ya mabibo. Sio juisi, ni pombe. Jambo lingine ni maji, ukishapika uji ukaja kuulegeza na maji ya kisima ambayo hayajachemka umeharibu kila kitu. Na mtoto wa chini ya miezi sita asipewe, yeye ni ziwa la mama tu, na ziwa lenyewe lina sukari maalumu za kuwalisha bakteria wake wazuri, hakuna kapsuli inayofikia hapo.

Kati ya mtindi na togwa kwa mtu wa Mtwara au Lindi, mimi nasema togwa. Mtindi ukiupata mzuri, uliochemshwa, una bakteria hai na hela ipo, tumia, hasa kwa mzee au mgonjwa aliyekonda anayehitaji protini. Lakini usikope hela ya mtindi wakati unga na kimea viko ndani.

Usitegemee pia kwamba bakteria wa mtindi au togwa watahamia humo moja kwa moja. Wengi wanapita. Wanafanya kazi wakiwa njiani, kwahiyo ni kitu cha kunywa kila siku kwa wiki kadhaa, sio kikombe kimoja ukasema nimemaliza.

MBAAZI NA NDUGU ZAKE

Hapa ndio moyo wangu ulipo. Bakteria wanaorudi wanarudi kwenye nini? Wanahitaji kula, na chakula chao ni nyuzinyuzi. WHO mwaka 2023 ilisema mtu mzima ale angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Ukiwa unakula wali mweupe na samaki, mchana hivyo usiku hivyo, huzifikii hata nusu.

Sasa angalia tulichonacho. Mbaazi kavu gramu 100 zina nyuzinyuzi karibu gramu 15. Mikoa hii miwili ndio kati ya wanaolima mbaazi sana nchi hii, msimu bei ikishuka watu wanalalamika hazina soko, na wakati huohuo tunanunua kapsuli zilizopanda meli. Korosho watu wananiuliza sana, kwamba korosho zetu si zinasaidia? Korosho ni chakula kizuri ila nyuzinyuzi zake ni kama gramu 3 tu kwa gramu 100, kwa kazi hii mbaazi inaiacha mbali. Ubuyu ndio watu wanausahau, ule unga mweupe karibu nusu yake ni nyuzinyuzi na nyingi ni zile laini zinazoyeyuka ambazo bakteria wanazipenda, na mibuyu ipo Mikindani ipo njia yote ya pwani mpaka Kilwa. Ila naongelea unga wa ubuyu wenyewe umekorogwa kwenye maji au uji, sio ule wa rangi nyekundu uliozungushiwa sukari.

Muhogo, viazi vitamu, ndizi mbichi, ming'oko, hivi vina wanga, na sehemu ya wanga huo ukipikwa kisha ukapoa unageuka ukawa haumeng'enywi kule juu, unashuka mpaka utumbo mpana unaliwa na bakteria. Kwahiyo muhogo wa kuchemsha uliopoa kwa kazi hii ni bora kuliko wa motomoto. Wali kiporo vilevile, ila kiporo kilichokaa kwenye friji, sio kilicholala kwenye sufuria jikoni, joto hili kiporo cha namna hiyo kinaota vijidudu vyenye sumu ambayo hata ukipasha haiondoki. Muhogo mchungu nao uandaliwe inavyotakiwa, kuloweka na kukausha kabisa, hakuna njia ya mkato.

Bibi mmoja wa Naliendele alikuja kamaliza dawa za UTI.
"Shikamoo bibi."
"Marahaba mjukuu wangu. Nipe vile vya kwenye redio, vya tumbo. Linajaa upepo mpaka usiku silali."
"Bibi, choo kinaendaje? Damu hamna? Homa?"
"Hamna, laini tu, mara mbili kwa siku."
"Mbaazi nyumbani zipo?"
"Mbaazi? Gunia zima liko uvunguni, sina wa kumuuzia."
Tukaongea. Nikamwambia asianze na bakuli zima maana tumbo lililotoka kwenye dawa likipewa mbaazi nyingi kwa ghafla gesi itazidi, wala sio ugonjwa, ni bakteria wachache wanazidiwa na kazi. Aloweke usiku, yale maji amwage, apike ziive mpaka zivurugike, tui la nazi jepesi, vijiko vitatu vinne siku za mwanzo, aongeze taratibu kila baada ya siku mbili, na togwa kikombe asubuhi. Alinishangaa kidogo kwamba duka la dawa linamrudisha kwenye gunia lake. Vidonge sikumuuzia.

Nasisitiza mbaazi pamoja na togwa, sio mbaazi peke yake, na sababu ninayo. Mwaka 2021 chuo cha Stanford Marekani walichukua watu 36 wazima wa afya kwa wiki 10, nusu wakala vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi, nusu wakala vya kuchachuka kama yogati na vingine. Waliokula vya kuchachuka ndio bakteria wao waliongezeka aina na dalili za mwili kuvimba ndani zinazopimwa kwenye damu zikashuka. Wa nyuzinyuzi peke yake aina hazikuongezeka kwa muda ule. Hao hawakuwa wametoka kwenye antibayotiki, lakini kwangu inaingia akilini, kama walaji wamepungua basi chakula peke yake hakileti walaji wapya haraka. Na sioni kinachoharibika ukiviweka vyote viwili kwenye sahani moja.

KWAHIYO WEWE UCHAGUE NINI

Mtu mzima, dozi imeisha, choo laini kidogo au gesi tu: togwa na mbaazi, matunda kama mapera na maembe, mboga kama kisamvu na matembele, wiki nne tano hivi. Hakuna cha kununua dukani kwangu.

Mtoto aliye katikati ya dozi na historia yake kila antibayotiki anaharisha: hapo kapsuli au ile ya chupa ndogo ina maana, anza mapema dozi inapoanza sio ikishaisha, achanisha na antibayotiki masaa mawili. Akishaanza kuharisha, cha kwanza kabisa sio probayotiki, ni ORS pakiti moja kwenye lita moja ya maji safi, na zinki, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 mpaka 14, chini ya miezi sita miligramu 10. Ziwa liendelee. Nimeona mama ana hela ya kitu kimoja tu anachagua probayotiki anaacha ORS. Hapana mama, chukua ORS na zinki, na kwenye vituo vya serikali watoto wa chini ya miaka mitano hawatakiwi kulipia.

Aliye kwenye kuharisha kwenyewe kwa sasa, mtu mzima: mbaazi zisubiri. ORS, madafu, uji, wali laini, ndizi, likitulia ndio unaanza kupandisha nyuzinyuzi. Na dozi usiikatishe kimyakimya, rudi kwa aliyekuandikia, anaweza kubadilisha dawa.

Mzee wa zaidi ya miaka 65 au mtu aliyelazwa, katoka wodini na amechomwa seftriaksoni au kapewa klindamaisini, sipro: huyu namtazama kwa jicho jingine. Akianza kuharisha maji mara tatu au zaidi kwa siku, tumbo linauma, homa, au damu, hata kama dozi iliisha wiki kadhaa nyuma, hiyo inaweza kuwa Clostridioides difficile, bakteria anayechukua nafasi wengine wakishauawa na anatoa sumu inayochubua utumbo. Hapo sio togwa, sio mbaazi, sio kapsuli, na sio vile vidonge vya kufunga kuharisha, vile vinafungia sumu ndani. Apelekwe hospitali, Ligula kwa wa Mtwara, Sokoine kwa wa Lindi, Ndanda au Nyangao kama ndio karibu, na mwambieni daktari wazi ni antibayotiki gani alitumia na lini, bebeni hata boksi tupu. Wanaomhudumia nyumbani wanawe kwa sabuni na maji ya kutiririka, ile jeli ya spiriti ya kupaka mikononi haiui mbegu za huyu bakteria, na choo alichotumia kioshwe kwa jiki kabla mwingine hajaingia.